Umesaini taimshea Marekani na sasa unajuta: namna ya kujitoa

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, toa mkataba wako wa taimshea, yaani wa kutumia nyumba au hoteli za likizo kila mwaka, na uangalie tarehe uliyosaini. Kama siku za kughairi hazijaisha, sheria inakuruhusu kuvunja ununuzi bila kutoa sababu, bila faini, na kurudishiwa ulicholipa. Zikiisha, haki hiyo imekwenda, na kinachobaki ni kuomba, kujadiliana na kusubiri, pengine kwa miezi mingi. Siku moja ya kuchelewa inaweza kukugharimu maelfu ya dola, ndiyo maana tunaanza na tarehe.

Mwongozo huu unahusu Marekani, hasa Florida, maana Orlando ndiko familia nyingi zinazokwenda Disney hukutana na meza hizi za mauzo: kifungua kinywa cha bure, tiketi za punguzo, na kikao kilichoahidiwa kuwa cha dakika 90 ambacho huendelea hadi jioni. Waliosaini Kenya, Uingereza au Hispania watakuta sehemu yao mbele.

Ulichonunua hasa

Taimshea ya zamani ni haki ya kutumia nyumba ya mapumziko kwa wiki fulani kila mwaka. Siku hizi wengi huuziwa pointi za klabu ya likizo, ambazo mtu huzibadilisha kwa usiku wa kulala katika hoteli za klabu. Vyovyote iwavyo, ndani ya mkataba mna mizigo miwili ambayo watu huichanganya.

Wa kwanza ni mkopo wa kununulia. Kampuni yenyewe huutoa palepale mezani, mara nyingi kwa riba ya asilimia 12 hadi 18. Wa pili ni ada ya matunzo, ambayo kwa wengi huzidi dola 1,000 kwa mwaka, hupanda karibu kila mwaka, na hudaiwa hata kama hukukanyaga huko. Mkopo una mwisho. Ada haina mwisho ikiwa mkataba ni wa kudumu. Anayefikiri kwamba akimaliza mkopo amemaliza deni hajausoma mkataba wake vizuri.

Angalia pia kama una hati ya umiliki iliyosajiliwa kaunti, au haki ya kutumia tu yenye mwaka wa kuisha. Jibu la swali hili litaamua njia ya kutokea.

Siku za kughairi hazijaisha: andika barua leo

Kila jimbo lina hesabu yake. Florida ni siku 10 za kalenda, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. California, Hawaii na Virginia ni siku 7. Nevada, ambako Las Vegas ipo, ni siku 5 tu. Tennessee ni siku 10 kama ulifika ukaona mahali penyewe, na 15 kama hukufika. New York ni siku 7 za kazi, Massachusetts siku 3 za kazi. Mexico, ambako wengi husaini wakiwa likizoni Cancún, ni siku 5 za kazi. Sheria inayokuhusu mara nyingi si ya jimbo unaloishi bali ya mahali mali ilipo au ulipouziwa, na mkataba wenyewe utaitaja.

Florida hesabu huanza siku uliyosaini, au siku uliyopokea nyaraka ya mwisho ambayo sheria inalazimisha upewe, yoyote itakayokuja baadaye. Ukisaini Jumamosi tarehe 6 ukiwa umepewa nyaraka zote, siku ya mwisho ni Jumanne tarehe 16. Lakini usiutegemee mwanya wa nyaraka zilizochelewa kama bado unaweza kuwahi kwa tarehe ya kusaini. Na ikiwa kati ya makaratasi uliyosaini ipo inayosema umeiacha haki yako ya kughairi, usiiogope: Florida karatasi ya namna hiyo haina nguvu kisheria.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Tafuta kifungu cha kughairi. Mara nyingi kiko kwa herufi nzito, juu tu ya mstari wa saini, chini ya maneno kama right to cancel au rescission. Humo ndimo mna anwani ya kupeleka barua na namna inayokubalika. Usipokiona, chunguza mfuko wa nyuma wa lile jalada zuri ulilopewa, au flashi na tableti zilizomo ndani yake. Kitabu kikubwa cha maelezo ya mradi huwekwa humo, na wengi hawakifungui kamwe.

2. Andika barua fupi kwa Kiingereza. Iwe na tarehe ya leo, majina ya wanunuzi wote kama yalivyo kwenye mkataba, anwani na simu zenu, namba ya mkataba, tarehe ya ununuzi, jina la hoteli au klabu, na wiki au idadi ya pointi. Kisha sentensi mbili: kwamba mnaghairi mkataba huu kwa haki mliyopewa na sheria, na kwamba mnataka kurudishiwa pesa zote mlizolipa. Usieleze sababu. Usiandike kwamba "unafikiria" kughairi wala kwamba "ungependa" kughairi. Andika kwamba unaghairi.

3. Wasaini wote waliosaini mkataba. Mume akisaini peke yake ilhali mke naye yumo kwenye mkataba, umewapa sababu ya kubishana nawe wakati siku zinakwisha.

4. Piga nakala au picha ya barua iliyosainiwa na ya ukurasa wenye kifungu.

5. Nenda posta mwenyewe, dirishani, si kwenye sanduku la barabarani. Omba huduma ya Certified Mail pamoja na Return Receipt. Utajaza kijikaratasi chenye namba ndefu kitakachobandikwa kwenye bahasha, na kadi ya kijani itakayorudi kwako ikiwa na saini ya aliyepokea. Mwombe karani agonge muhuri wa duara wenye tarehe kwenye kipande unachobaki nacho, na uangalie mwenyewe kama tarehe inasomeka. Florida barua iliyotumwa kwa posta huhesabiwa kuanzia tarehe ya muhuri huo, si siku waliyoipokea. Kipande hicho kidogo ndicho ushahidi wako wote.

6. Mkataba ukiruhusu pia faksi au barua pepe, tuma na huko siku hiyohiyo. Barua pepe peke yake, ambayo mkataba haukuitaja, haitoshi.

7. Fuatilia pesa. Florida kampuni ina siku 20 tangu ipokee taarifa yako, au siku 5 tangu hundi yako ipite benki, yoyote iliyo baadaye.

Kosa la kwanza kwa wingi ni kumpigia muuzaji. Huyo analipwa kamisheni. Atakusikiliza kwa upole, atakupunguzia bei, atakuahidi kwamba meneja atakupigia Jumatatu, na Jumatatu hiyo siku zako zimekwisha. Kumwambia mtu kwa mdomo kwamba umeghairi si kughairi. Kosa la pili ni kupeleka barua mapokezi ya hoteli badala ya anwani iliyo kwenye kifungu. Ukishatuma barua yako, simu wanazopiga huna wajibu wa kuzijibu.

Mambo mawili hubaki nyuma mara kwa mara. Kama ulikuwa tayari mwanachama na safari hii "ulipandishwa daraja", kughairi kunafuta ununuzi mpya tu, na ule wa zamani unarudi kama ulivyokuwa, pamoja na ada zake. Na kama malipo ya mwanzo yaliwekwa kwenye kadi ya mkopo iliyofunguliwa palepale mezani, kadi hiyo ni akaunti ya benki iliyo mbali na mkataba. Haifungiki yenyewe. Subiri pesa zirudi, hakikisha salio ni sifuri, kisha ipigie benki uifunge.

Siku zimepita: anza na kampuni iliyokuuzia

Hapa ndipo watu hukimbilia matangazo ya redio yanayoahidi kuwatoa. Usikimbilie huko kwanza. Kampuni nyingi kubwa zina mpango wa kuipokea mali yako tena bila malipo au kwa ada ndogo. Wyndham, kwa mfano, wanauita Certified Exit. Wauzaji hawautangazi, na karani wa kwanza kukupokea simu huenda asiutaje. Chama cha kampuni hizi, American Resort Development Association, kina tovuti ya ResponsibleExit.com inayoorodhesha milango ya kampuni wanachama. Anzia hapo ili upate namba sahihi, si ile ya kwanza inayojitokeza ukitafuta kwenye intaneti, kwani hiyo mara nyingi ni tangazo la mtu mwingine.

Karibu mipango yote ina masharti mawili: mkopo uwe umelipwa wote, na ada za matunzo zisiwe na malimbikizo. Ndiyo maana mtu aliyeacha kulipa ada kwa hasira hujikuta amejifungia mlango rahisi kuliko yote. Kama mkopo umebaki kidogo, piga hesabu: kumalizia dola 2,000 kisha kuirudisha mali ni nafuu kuliko kulipa ada ya dola 1,000 kila mwaka kwa miaka 20.

Unapopiga simu, usiombe kuongea na "huduma kwa wateja" kwa jumla. Uliza idara inayoshughulika na kurudisha umiliki, na utumie neno deedback au surrender, ambayo ndiyo makarani wenyewe huyatumia. Andika jina la kila unayeongea naye, tarehe na alichosema. Ukiambiwa hakuna mpango, tuma ombi kwa maandishi ukieleza hali yako bila kuongeza chumvi: umestaafu, umepoteza kazi, una mgonjwa, mwenzako amefariki. Ugonjwa na kifo hufungua milango ambayo malalamiko hayaifungui, mradi uambatanishe vyeti. Ukikataliwa leo, rudi baada ya miezi mitatu. Masharti hubadilika, na karani naye hubadilika.

Kama ulidanganywa kwenye mauzo, mathalani uliambiwa pointi zitapanda thamani au kampuni itazinunua tena, lalamika rasmi. Florida mamlaka ni idara ya serikali ya jimbo iitwayo DBPR, yenye kitengo chake cha taimshea. Mwanasheria Mkuu wa jimbo hupokea malalamiko pia, na kama tatizo ni la mkopo, kuna shirika la serikali kuu, CFPB. Ukubali mapema kwamba ahadi za mdomo ni ngumu kuthibitisha, kwa kuwa karibu kila mkataba una ukurasa uliousaini unaosema hukuahidiwa chochote nje ya maandishi. Ujumbe wa simu na makaratasi ambayo muuzaji aliandikia kwa kalamu mezani vina uzito, kwa hiyo usivitupe.

Kuuza au kugawa bure

Sahau bei uliyonunulia. Taimshea nyingi zilizouzwa kwa dola 20,000 huuzwa tena kwa dola mia chache, au kwa dola moja tu kwenye eBay, kwa kuwa sehemu kubwa ya bei ya mwanzo ilikwenda kwenye kamisheni, zawadi na matangazo. Zipo zinazoshika thamani, Disney Vacation Club ikiwa mojawapo, kwa hiyo tazama bei halisi kwanza. Tovuti za RedWeek na Timeshare Users Group, inayofahamika kama TUG, zinaonyesha wenye mali kama yako wanauzaje, na TUG ina sehemu ya wanaogawa bure.

Ukimpata mpokeaji, mwambie ukweli kuhusu ada. Omba kampuni itoe barua inayoonyesha kama unadaiwa chochote na masharti ya kuhamisha, huiita estoppel. Uliza kama kampuni ina haki ya kununua kwanza kabla ya mtu wa nje, na kama mnunuzi mpya atapata huduma zote au zitapunguzwa. Kama una hati ya kaunti, umiliki haujahama mpaka hati mpya isainiwe mbele ya notari, isajiliwe kaunti, na kampuni ibadilishe jina kwenye vitabu vyake. Kwa mali iliyoko Orlando, usajili ni wa Orange County Comptroller, na kumbukumbu zake zinatafutwa bure mtandaoni kwa jina. Tafuta jina lako humo. Usifunge faili mpaka uone hati mpya kwa macho yako na uwe na barua ya kampuni inayosema hudaiwi tena.

Wanaojiita wataalamu wa kukutoa

Sehemu hii isome mara mbili, hasa kama mwenye taimshea ni mzazi wako. Aliyeumia mara moja huwindwa tena, kwa sababu orodha za majina ya wenye taimshea huuzwa.

Alama kuu ni moja: wanataka pesa kabla ya kazi. Ada huwa dola elfu kadhaa, pamoja na dhamana ya kurudishiwa usipotolewa. Mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington aliishtaki Reed Hein & Associates, iliyojulikana kama Timeshare Exit Team, na mwaka 2021 kesi ikaishia kwa makubaliano ya dola milioni 2.6. Novemba 2022 Tume ya Biashara ya serikali kuu, FTC, pamoja na jimbo la Wisconsin walilishtaki kundi la kampuni za Missouri wakidai limewatoza watu, wengi wao wazee, zaidi ya dola milioni 90.

Mbinu zao za kawaida ni hizi. Wanakwambia uache kulipa kampuni ilhali wenyewe hawafanyi lolote, ili ukinyang'anywa mali kwa deni waseme wamekutoa. Au wanaihamishia taimshea kampuni ya mfukoni isiyo na fedha wala nia ya kulipa. Kampuni ya hoteli ikigundua, inaweza kulikataa badiliko hilo, na deni likakurudia. Au wanakutumia barua za kisheria zinazofanana zote, ambazo ungeweza kuziandika mwenyewe.

Hatari zaidi ni simu ya mtu anayesema amepata mnunuzi wa taimshea yako ya Mexico, kwa bei nzuri, ila ulipe kodi au ada ya serikali kwanza. Julai 2024 mamlaka za Marekani, FBI ikiwemo, zilitoa onyo kwamba nyuma ya simu hizi yupo mtandao wa dawa za kulevya wa CJNG, na kwamba kati ya 2019 na 2023 watu wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300. Ukilipa mara moja, atatokea "wakili" au "ofisa wa serikali" wa kukusaidia kuzirudisha, naye atataka ada. Ni walewale. Mnunuzi wa kweli hakuombi umtumie pesa.

Wakili ana nafasi yake, hasa kama kuna udanganyifu unaothibitika. Mtafute kwa chama cha mawakili cha jimbo, hakikisha leseni yake, na akuandikie gharama kabla hujasaini.

Kuacha kulipa

Tunaliweka mwisho kwa sababu lina gharama, ingawa kwa baadhi ya watu ndilo linalobaki. Ukiacha, simu za kudai zitaanza, deni linaweza kuuzwa kwa wakusanyaji, na alama yako ya mikopo itashuka. Rekodi hiyo hukaa miaka 7. Anayepanga kuchukua mkopo wa nyumba asiichague njia hii. Mwishowe kampuni huichukua mali. Florida kuna utaratibu wa kuichukua bila kwenda mahakamani, na mwenye mali asipoupinga, kampuni haiwezi kumdai kiasi kilichobaki. Soma kwa makini barua inayokuja kuhusu hilo, maana ukipinga kinga hiyo unaipoteza. Deni la dola 600 au zaidi likifutwa, unaweza kuletewa fomu ya 1099-C, na kodi ya mapato ikakuhusu.

Kenya, Uingereza na Ulaya

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, inayotaja mikataba ya taimshea waziwazi na kuhesabu humo hata klabu zinazouza punguzo la usafiri na malazi. Mnunuzi anaweza kughairi bila sababu hadi siku 10 baada ya kupokea nakala ya mkataba iliyoandikwa. Kama hukupewa nakala inayokidhi sheria, muda ni mwaka mmoja tangu kuingia mkataba. Peleka taarifa kwa maandishi na uweke ujumbe wa M-Pesa au risiti ya benki pamoja na nakala yake.

Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ni siku 14, na muuzaji haruhusiwi kupokea pesa yoyote ndani ya siku hizo. Kama hukupewa fomu ya kughairia, muda huongezeka hadi mwaka mmoja na siku 14. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo Uingereza, kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000, anaweza kumdai mtoaji wa kadi kwa kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya 1974. Hispania, Mahakama Kuu imeamua tangu 2015 kwamba mikataba iliyofanywa chini ya Sheria ya 42 ya 1998 isiyo na kikomo, au inayozidi miaka 50, ni batili.

Mzazi akifariki

Watoto huambiwa kwamba taimshea ya marehemu ni yao wapende wasipende. Si kweli. Urithi unaweza kukataliwa kwa maandishi. Kwa sheria ya kodi ya Marekani kukataa huko kufanyike ndani ya miezi 9 tangu kifo, na kabla mrithi hajatumia chochote: hata wiki moja ya kulala pale, au kulipa ada kwa jina lako "ili mambo yatulie", kunaweza kuhesabika kuwa umekubali. Kampuni ikikuandikia, jibu kwa barua ukieleza kwamba mwenye mali amefariki, ambatanisha cheti cha kifo, na uwaelekeze kwa msimamizi wa mirathi. Kama jina lako liliongezwa kwenye hati mzazi akiwa hai, wewe ni mmiliki tayari, na itabidi uanze na mpango wa kampuni wa kuirudisha.